Kijerumani cha Ndugu Yangu Sylvanus

Mimi ni Nyaboke wa Nyamache, na watu wa kwetu wanajua mdomo wangu hauna kufuli, kwa hiyo sitazunguka. Ndugu yangu Sylvanus Nyabuto anajua Kijerumani. Hakusomea chuoni, hakupanda ndege, hata Mombasa hajafika. Alikisoma kwa simu hapo Ikonge, katikati ya majani chai yake, akakijua hasa. Sasa amejifungia nyumbani. Kanisani haonekani, sokoni haonekani, majani yake yanachumwa na vibarua. Kila anayepita ananiuliza mzee amepatwa na nini. Wacha niseme mimi, maana wakianza kusema wao watatia chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Sylvanus ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani tangu ujana mpaka alipostaafu. Ni mtu mpole, muumini wa Sabato asiyekosa, na mwenye haya kupita kiasi. Mkewe, Nyamusi, alifariki zamani kidogo, akabaki na mtoto mmoja tu, Mokua. Mokua akasomea uuguzi, akaenda Ujerumani kuwatunza wazee wa watu, na huko akaoa msichana anayeoka mikate, anaitwa Katrin. Wakapata binti. Wakampa jina la bibi yake marehemu, Nyamusi, kama inavyotakiwa kwetu. Siku Sylvanus aliposikia hilo jina kwenye simu alitoka nje akakaa nyuma ya zizi la ng'ombe, na nikamwacha alie.

Sasa, kama wewe si mtu wa Kisii, kuna jambo lazima ulijue. Kwetu baba na mke wa mwanawe wana mpaka kati yao, tunauita chinsoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hamshiki mkono mkamwana wake, hawakai kiti kimoja, na mambo ya mwili hayatajwi wakiwa pamoja hata kwa mafumbo. Vijana wengi siku hizi wanayapuuza. Sylvanus hajawahi kuyapuuza hata siku moja. Akiona mke wa mtoto wa jirani anakuja, anavuka barabara, hata kama upande wa pili una matope.

Lakini mjukuu? Aa, mjukuu ni wa kutaniwa! Babu humwita mjukuu wake wa kike bibi yake, yaani mkewe, humtania kwamba hapiki vizuri, na mtoto naye humjibu atakavyo. Hapo hakuna mpaka wowote. Na hicho ndicho Sylvanus alikuwa anakitaka, wala usidhani alikuwa anatafuta sifa. Mtoto Nyamusi alikuwa anaongea Kijerumani tu, maana Mokua ni mvivu wa kumfundisha. Basi wakipigiana simu za picha, mtoto anaeleza mambo yake kwa furaha, na babu yake anatabasamu tu kama picha ya kalenda. Anageuka ananiuliza, "Dada, amesema nini?" Mimi! Mimi nitajulia wapi?

Akatafuta kozi mtandaoni. Ni ile ambayo hakuna mwalimu wa kukungoja, unasoma kwa mwendo wako mwenyewe. Ukichoka unaacha, ukisahau unarudia, na simu haikuchapi. Alikuwa akiweka visikizi masikioni, anaingia kwenye chai na kikapu mgongoni, anachuma huku anajibizana na mwanamke asiyeonekana. Majirani walimwambia Edinah, kiongozi wa akina mama kanisani, kwamba mzee ameanza kunena kwa lugha. Edinah akaenda kuchungulia. Akakuta mzee anaagiza nyanya kilo mbili kwa Kijerumani, anauambia mti wa chai asante na kwaheri. Ijumaa jua likizama alikuwa akizima simu, na Jumamosi jua likizama anaiwasha tena.

Hatua ya kwanza alimaliza vizuri. Salamu, hesabu, kituo cha treni kiko wapi. Mimi nikamwambia, "Sylvanus, sasa inatosha. Unaweza kumsalimia mtoto." Akaniambia mtoto hasalimii tu, mtoto ana mengi. Siku hiyo Nyamusi alikuwa amelia kwa simu juu ya rafiki yake aliyemchukulia kitu, na babu hakujua ni kitu gani wala kwa nini kilimwuma hivyo. "Kwa hii hatua ya kwanza," akasema, "naweza kumnunulia nyanya tu."

Akasonga mbele. Hatua ya pili, kisha ile ya tatu wanayoiita B-moja. Huko, anasema, mambo yanabadilika. Huko watu wa kwenye masomo hawanunui nyanya tena. Wanagombana na mwenye nyumba. Wanaeleza ndoto zao. Mwanamke anamweleza daktari mwili wake wote, kiungo kwa kiungo, na wewe unatakiwa kurudia kwa sauti. Hilo somo Sylvanus alilisomea mwisho kabisa wa shamba, kule karibu na mto, na hata huko alikuwa akigeuka kuangalia kama kuna mtu. Lakini alilisoma lote. Hakuruka somo hata moja, ingawa kozi yenyewe inakuruhusu kuruka.

Na alifika. Loo, siku alipomwelewa mtoto! Nilikuwepo. Alimwita "bibi yangu" kwa Kijerumani, akamwambia ajiandae kuja kumpikia ugali. Mtoto akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti. Akajibu kwamba hawezi kuolewa na Opa, yaani babu, kwa sababu Opa hana meno ya mbele. Sylvanus alinitafsiria huku anafuta machozi ya kicheko. Nikasema moyoni, huyu mtu amepona msiba wa mkewe.

Mwezi wa nane mwaka jana wakaja wote watatu.

Nilimwona Katrin siku ya kwanza. Ni msichana mrefu, ana mikono yenye nguvu, mchangamfu. Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu, Kiswahili hana, na lugha yetu ya Ekegusii ndiyo kabisa. Mokua alikuwa akimtafsiria, anachoka, anaenda zake kuwaona marafiki. Kisha Katrin, ambaye kwenye simu alisikia utani wa babu na mjukuu tu, akagundua kwamba mkwe wake anasema Kijerumani hasa. Si cha salamu tu, anakielewa, na ukikosea kueleza anasubiri uanze tena. Alimkumbatia hapo hapo uani mbele ya watu wote. Sylvanus alisimama mikono imening'inia, macho juu angani. Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mimi pia nilicheka, kwani ningefanya nini?

Tangu hapo hakupumua. Katrin alimfuata kwenye chai, akamfuata jikoni, akachukua kigoda akakaa naye hapo hapo karibu. Alimweleza kila kitu, maana msichana wa watu alikuwa mpweke, na huyu ndiye pekee aliyemsikia. Alimweleza kwamba mama yake ni mgonjwa. Alimweleza kwamba Mokua hununa. Siku moja akaanza kueleza mambo ya chumbani kwake, anataka ushauri wa baba! Sylvanus akachukua ndoo akaenda mtoni kuteka maji, na mfereji uko uani. Akanieleza kwa simu. "Dada," akasema, "ningeishia hatua ya kwanza singejua anasema nini." Nikamwambia amwambie Mokua amkanye mkewe. Akasema hawezi, maana ili amwambie Mokua itabidi ataje alichosikia.

Basi Mokua akasafiri kwenda Nairobi kushughulikia karatasi zake za usafiri. Akawaacha mkewe na mtoto kwa mzee.

Kesho yake asubuhi Katrin akatoka nyumbani ameshika ubavu, amekunja uso. Akamwendea Sylvanus aliyekuwa anakamua ng'ombe. Akamwambia kwa Kijerumani, bila kupunguza, kwamba ana mimba changa ambayo hawajamwambia mtu, kwamba anatokwa na damu, na kwamba anaumwa sana chini ya tumbo, upande mmoja. Akamwambia anataka daktari.

Sylvanus alielewa kila neno. Ananiapia hivyo hadi leo, na namwamini, na hilo ndilo linaloniuma. Angekosa neno ningemsamehe siku hiyo hiyo.

Alimpeleka kwenye kituo kidogo cha afya kilicho karibu, mtoto wakamwacha kwa Edinah. Pale daktari alikuwa Nyasani, kijana wa mzee Mogire, jirani yetu. Huyu Nyasani alikua pamoja na Mokua, alikula nyumbani kwa Sylvanus, na humwita Sylvanus baba. Kwa hiyo tazama jinsi mambo yalivyokaa. Mbele yake mkamwana wake, na upande wa pili mtu aliye kama mwanawe. Na katikati yeye, atafsiri mwili wa mmoja kwa mwingine.

Nyasani akauliza shida ni nini. Katrin akaeleza yote tena, anaonyesha kwa mkono. Nyasani akamgeukia mzee.

"Anasema tumbo linamsumbua," Sylvanus akasema. "Labda ni mabadiliko ya chakula."

Nyasani hakuridhika. Alifanya kazi yake, simlaumu. Akasema, "Baba, nisamehe, lakini lazima niulize. Mwulize kama ana mimba, na kama anatokwa na damu."

Sylvanus akageuka kwa Katrin. Akamwuliza kwa Kijerumani kama ana ugonjwa mwingine wowote. Katrin akamwangalia akashangaa, akasema, nimeshakuambia, ni mtoto, ni damu.

Na ndugu yangu, mtu asiyewahi kupunja mkulima hata jani moja kwenye mizani, akamgeukia Nyasani akasema, "Hapana. Anasema yuko sawa upande huo."

Akapewa dawa za tumbo, akaambiwa akizidiwa arudishwe mara moja. Njiani Katrin akamwuliza, daktari amesemaje kuhusu mtoto? Na Sylvanus akamjibu, kwa kile Kijerumani chake kizuri, kwamba daktari amesema apumzike.

Utaniuliza, kwa nini hawakumpigia Mokua? Walimpigia. Alikuwa ndani ya ofisi ambako simu huachwa langoni, ikawa ni mteja hapatikani. Utaniuliza, si kuna simu zinazotafsiri zenyewe? Simu ya Katrin ilikuwa nyumbani inachajiwa. Na mtu aliyekuja na mkwe wake anayejua lugha zote mbili, anatafuta simu ya nini?

Mimi nilifika mchana. Sikujua lolote, nilikuwa nimebeba ndizi zangu za kumletea mkamwana. Namkuta Katrin amelala kitandani kwa Mokua, uso umekuwa mweupe kuliko ule weupe wake wa kuzaliwa, jasho jembamba midomoni. Ananiambia neno, silijui. Ananishika mkono, mkono ni baridi. Nikafunua blanketi. Mimi nimezaa watoto saba, hakuna mtu aliyehitaji kunitafsiria nilichokiona pale.

Sylvanus alikuwa mwisho wa shamba, anachuma majani. Anachuma majani! Nilimwita mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

"Sylvanus! Huyu mtoto ana nini?"

"Ni tumbo, dada."

"Tumbo gani? Ulimwambia Nyasani nini?"

Akaangalia mikono yake. Kisha akanieleza, taratibu, kila kitu, neno alilosema Katrin na neno alilosema yeye. Hakujitetea. Alipofika kwenye lile "yuko sawa upande huo," akatikisa kichwa.

Haki ya Mungu, ningekuwa na fimbo ningempiga, na umri wake ule. Nikamwambia, "Wewe unaona haya kutaja damu, na damu inaendelea kutoka! Utaona haya mbele ya jeneza pia?" Nilimwambia na mengine ambayo siwezi kuyarudia, maana kuna watoto hapa. Aliteremsha kikapu, akakimbia kwa jirani mwenye gari.

Tulimpeleka hospitali kubwa. Njia nzima nilimlaza Katrin kwenye mapaja yangu, na Sylvanus mbele na dereva, hageuki nyuma. Katrin alikuwa anauliza kitu, kile kile kimoja, mara kwa mara. Nikamwambia ndugu yangu, "Anasema nini?" Akasema, "Anauliza kama atakufa." Nikamwambia, "Basi mjibu!" Akamjibu, bila kugeuka. Sijui alimwambia nini.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa upande wa ziwa, Nereah. Aliangalia mara moja tu, akaanza kuita watu. Akauliza maswali ya haraka. Sylvanus akasogea nyuma ya pazia. Akanong'ona kwangu kwa Ekegusii kwamba yeye atasikiliza hapo nje, aniambie mimi, kisha mimi nimwambie daktari. Nilitaka kukubali. Na mimi ni mtu wa Kisii, nilielewa. Lakini daktari Nereah alilivuta pazia kwa nguvu.

"Baba, hatuna muda huo. Njoo hapa. Simama karibu na kichwa chake, mwangalie mdomo, uniambie kila neno, usichague."

Akasimama. Daktari akauliza lini mara ya mwisho aliona siku zake. Sylvanus akauliza, Katrin akajibu, Sylvanus akasema. Damu ilianza saa ngapi, na ni nyingi kiasi gani. Akasema. Maumivu yako wapi, yanafika begani? Akasema. Kama amewahi kupasuliwa, kama amewahi kuharibu mimba. Amewahi, mara moja, na hata mumewe hajui. Akasema na hilo. Wodi ilikuwa na wanawake wa kwetu, wengine nawafahamu, wakageukia ukuta wasimtazame mzee. Mimi mwenyewe, na mdomo wangu wote huu, nilijifunika uso kwa leso. Yeye alikuwa analoa jasho, shati limeshika mgongoni. Lakini hakuacha neno. Akauliza na la mwisho, kama anakubali kupasuliwa, na Katrin akakubali, wakamsukuma wakaenda naye.

Daktari alitueleza baadaye. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo isingeokolewa na mtu yeyote. Lakini mrija wa uzazi ulikuwa umepasuka. "Angeletwa asubuhi," akasema, "nisingemwongezea damu nusu ya mwili." Hakumlaumu mtu, hakujua habari za Nyasani. Sylvanus ndiye aliyemwambia. Daktari akamtazama, akatazama pembeni, akasema anarudi kumwona mgonjwa.

Katrin alipona. Mokua alifika jioni ile ile macho mekundu.

Siku ya tatu Sylvanus akaniomba nimsindikize wodini, Mokua akiwa ametoka. Hakuingia mpaka nilipotangulia. Akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akaanza kuongea Kijerumani. Aliongea kwa muda mrefu. Alikuwa anasimama, anatafuta neno, analipata, anaendelea. Sikuelewa chochote, nilikuwa naangalia nyuso tu. Katrin mwanzo alikuwa anamtazama kwa upendo, ninaapa, alikuwa amenyoosha mkono juu ya shuka kama anataka ashikwe. Halafu ule mkono ukarudi. Akauliza swali moja fupi. Sylvanus akajibu neno moja. Katrin akageukia ukuta, akavuta shuka mpaka shingoni.

Tukatoka. Nikamwambia kule nje, "Nani alikutuma? Si hakuna aliyejua!" Akasema, "Alikuwa ananishukuru kila siku, dada. Singeweza kulala." Nikamwuliza lile swali lilikuwa nini. Katrin alimwuliza kama alielewa, ile asubuhi, kama alielewa maneno yake. Naye akajibu ndiyo.

Aliporudi nyumbani Katrin alikuwa mtu mwingine. Sylvanus akitoka uani, yeye anaingia ndani. Wakikutana kwenye kijia anasimama pembeni, macho chini, mpaka mzee apite. Hamfuati shambani. Hamwombi chochote, akitaka kitu anamtuma mumewe. Mtoto Nyamusi bado alikuwa anamrukia babu yake, anamtukana meno yake, lakini mama yake akiita tu, mtoto anaondoka.

Na watu wakaanza kusifu! Wewe, akina mama wa Ikonge walisifu! Mkamwana mzungu ameshika chinsoni kuliko mabinti zetu. Amefundishwa na nani? Mzee amejua kuozesha. Kila sifa ilikuwa inampiga Sylvanus, na mimi naambiwa, "Nyaboke, hongera," nasema asante. Sijawahi kuona haya hivyo maishani mwangu.

Sabato ya mwisho kabla hawajaondoka kukafanywa maombi ya shukrani uani kwa mzee. Watu walijaa. Baada ya chakula Edinah akasimama, na shali yake begani. Akamshukuru Mungu kwa uhai wa Katrin. Kisha akasema anataka kumpa heko mbele ya watu, kwa heshima yake kwa baba mkwe, kwamba hamtazami usoni, hakai karibu naye, hata ulimwengu wa wazungu haukumharibu. Watu wakapiga makofi. Edinah akasema, "Na mzee mwenyewe atutafsirie! Tusikie hicho Kijerumani kilichokuwa kinaongeleshwa majani chai!"

Makofi tena. Mokua akainuka haraka, akasema atatafsiri yeye. Watu wakakataa, mzee, mzee!

Sylvanus akasimama. Akatafsiri sifa zote, sentensi kwa sentensi, anatazama chini. Watu walikuwa wanafurahia sauti ya lugha. Alipomaliza, Katrin akasema maneno machache, polepole, kwa sauti ya kawaida.

"Amesema nini?" Edinah akauliza.

Mokua alikuwa bado amesimama. Uso ulimbadilika, lakini akacheka, akawaambia watu, "Amesema asante sana. Amesema amefurahi kupokelewa vizuri."

Watu wakainua mikono kupiga makofi. Nilimwona ndugu yangu anamtazama mwanawe, na nikamwombea anyamaze. Ndiyo, niliomba hivyo. Niliomba aketi chini, ale chakula chake, mambo yaishe.

"Hakusema hivyo," Sylvanus akasema.

"Baba, keti," Mokua akasema.

"Hakusema hivyo." Akawageukia watu, na mara hii aliinua uso. "Anasema, mwambieni huyo mama kwamba hii si heshima. Anasema alikuwa ananiita baba. Anasema alinipa mwili wake niusemee, nikanyamaza. Anasema hamtazami usoni kwa sababu hawezi."

Hakuna aliyepiga makofi. Edinah alikuwa amesimama na mkono mdomoni, na wengine walianza kuulizana kwa sauti ya chini ni mwili gani, ni kunyamaza gani. Sylvanus alingoja kidogo kuona kama Katrin ana la kuongeza, maana ndiyo kazi aliyopewa. Katrin hakuongeza. Ndugu yangu akaingia ndani ya nyumba yake, akafunga mlango, na hajatoka mpaka sasa.